Aproni ya Bi Librada

"Kwa aproni, Bi Librada? Aproni kavu, juu ya vumbi?"

"Nilifuta vumbi, Fermín, sikuua mtu! Unapiga kelele utafikiri nimekuibia mbuzi."

"Afadhali ungeniibia mbuzi!"

"Huna mbuzi."

Nilipoisikia hiyo ya mbuzi nikajua ugomvi huu hauishi leo. Nikabeba kiti changu mpaka uzioni. Tranquilino wa ng'ambo ya barabara alikuwa keshafika, kikombe cha kahawa mkononi, macho yametoka kama mtu aliyewahi kiti cha mbele.

"Kwani gari limekwaruzwa wapi?" nikauliza. "Mimi naliona linang'aa."

Fermín akaingia garini, akalitoa chini ya mti taratibu mpaka juani, akazima. Hapo tukaona. Boneti nzima ilikuwa na utando wa buibui: vimstari vyembamba, duara ndani ya duara, vikilizunguka jua kila ulipogeuza kichwa. Kivulini hakuna kitu. Juani, aibu.

"Mama yangu," akasema Tranquilino.

"Usimwite mama yako, mwite huyu hapa," akasema Fermín, akimwonyesha Librada kwa kidevu.

Na saa sita mchana ilikuwa misa ya Marisela, ya kutimiza miaka kumi na mitano. Hapa mjini kwetu Española msichana hafiki kanisani siku hiyo kwa gari la kuendea sokoni. Anafika kwa gari lililoshushwa tumbo mpaka linabusu lami, na wanaume wa bonde zima wanasubiri nje, mikono nyuma, wakiinama. Watu wanalisalimia gari kwanza, msichana baadaye.

Gari lenyewe ni Impala ya mwaka sitini na nne, nyekundu ya cheri iliyoiva mpaka ikakaribia weusi. Aliyelipiga rangi ni Abrán, kaka yake Fermín, babake Marisela, kwenye banda la nyuma ya nyumba, akichanganya kwa jicho tu. Majira ya baridi ya mwaka juzi moyo ukamsimama akiwa anapakua kuni. Rangi ile hakuna mwingine anayejua kuitengeneza. Juu yake kuna vanishi, na vanishi hiyo Abrán aliipiga polishi kila baridi ilipoisha, mpaka imebaki kama ganda la kitunguu. Sasa, mkwaruzo huufuti kama unavyofuta maziwa mezani. Unaipunguza vanishi iliyouzunguka mpaka iwe sawa na shimo lake. Ukizidisha kidogo, umetokea kwenye rangi.

Ndiyo maana tangu amzike kaka yake, Fermín alikuwa analiosha tu. Mashine ya polishi hajaigusa. Na si mashine tu: mezani kwa mtu hajakaa. Anakula kwa kusimama, nje ya kituo cha mafuta, burito mkono mmoja, funguo mkono mwingine. Nimemwona mwenyewe. Kila mtu amemwona.

"Na wewe uliliachaje nje?" Librada akamrudia. "Upepo wote ule wa alfajiri!"

"Gereji imejaa viti vya sherehe! Nusu yake viti vyako!"

"Haya, basi makosa ni ya viti."

Tranquilino akacheka peke yake, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Liache hivyo hivyo, bwana. Watu watamwangalia mtoto."

"Wewe utamwangalia mtoto?"

Tranquilino akanywa kahawa yake.

Fermín akalizunguka gari. Akawasha sigara, akaitupa. Akalizunguka tena. Upepo ulikuwa unaanza kuamka kule mtoni, na kila jani lililotikisika yeye aligeuka kutazama kama kuna vumbi linakuja. Akaingia bandani, akatoka mikono mitupu. Akaingia tena, na safari hii akatoka na mashine ya Abrán, waya umezungushwa vilevile alivyouzungusha marehemu. Librada akarudi nyuma hatua moja. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Akaliosha kwanza, ndoo ya sabuni na ndoo ya kusuuzia. Akalikausha kwa kitambaa laini, akikiweka na kukinyanyua bila kukiburuta. Kisha akabandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote na kwenye ule mgongo unaopita katikati ya boneti, maana pale bati limenyanyuka, na pale ndipo vanishi inapokuwa nyembamba kuliko kote. Akaweka sifongo nyeupe kwenye mashine, akaitia dawa ya polishi kidogo, akaanzia mlangoni, pembeni, mahali ambapo akiharibu mtu hataona haraka.

Mashine ikaguna. Sote tukainama. Fermín akafuta ile dawa, na mlango ukawa maji. Niliuona uso wangu ndani yake, na nywele ambazo sikuwa nimezichana.

"Eh!" nikasema.

"Usiseme eh, Orlinda," akasema Fermín. "Bado boneti."

Akahamia kwenye boneti. Upande wa kulia, taratibu, mashine ikitembea kama mtu anayepiga pasi shati la harusi. Utando ukaanza kupotea. Na kadiri ulivyopotea, kitu kingine kikaanza kuonekana, kirefu zaidi ya vile vimstari. Mstari mmoja wima. Mwingine unaukata.

Fermín akazima mashine. Akainama, akatazama kutoka upande wa jua, akatazama kutoka upande wa kivuli.

"Bi Librada. Hiki nini?"

Librada alikuwa anaikunja aproni yake mpaka imekuwa kamba.

"Bi Librada, huu ni msalaba."

"Najua ni msalaba. Ni kidole gumba changu."

Tranquilino akaweka kikombe chini.

"Sasa ungetaka nifanye nini?" Librada akasema, na sauti ikapanda. "Mtoto anatoka mtaani kwangu leo kwenda kanisani, nisimbariki? Wote nawabariki! Nimembariki Tranquilino akienda kung'olewa jino! Nikapita alfajiri, wewe umelala, nikasema ngoja nilibariki na gari kabisa. Nikachora na kidole. Kisha nikakumbuka unavyochukia vidole vya watu kwenye gari hili. Nikaogopa. Ndipo nikafuta."

"Ukachora kwenye vumbi."

"Vumbi lilikuwepo! Ningelihamisha?"

Ningeweza kucheka, na nilitaka sana kucheka, lakini Fermín alikuwa amekwisha kuwasha mashine tena.

Mkono wa kulia wa msalaba uliondoka, ukachukua muda, lakini uliondoka. Wa kushoto pia. Ukabaki ule mstari wima, uliokuwa umekaa juu ya mgongo wenyewe wa boneti. Fermín akaisimamia tepu ile. Akaangalia jua. Kutoka nyumba ya shemeji yake, mjane wa Abrán, tulisikia kikaushio cha nywele na wasichana wakipigiana kelele za pini. Akaibandua tepu.

"Fermín," nikasema.

"Kimya."

Hakutumia mashine pale. Alishika sifongo kwa vidole viwili, akasugua urefu wa kidole tu. Akaiangalia sifongo: nyeupe. Akasugua tena. Nyeupe. Mstari ulikuwa umefifia, nusu yake imekwenda. Mguu wake ulikuwa unapigapiga chini kama wa mtu anayesubiri daktari atoke. Akasugua tena, akaigeuza.

Sifongo ilikuwa na wekundu. Kidogo, kama mdomo wa mwanamke ulioacha alama kwenye kikombe.

Fermín alisimama akiushangaa ule wekundu, na mkono wake mwingine ulikuwa bado juu ya boneti, umetulia kabisa.

"Ndiyo rangi yenyewe?" Librada akauliza, chini sana.

"Ndiyo yenyewe."

"Imeharibika?"

Akainama, akapitisha macho. "Bado. Nikigusa tena itaharibika."

Marisela akatokea mlangoni, nywele zimepandishwa juu, chini kavaa suruali ya kulalia na ndala. Akaja mpaka kwenye gari, kwa sababu alikuwa binti wa Abrán na hangeweza kupita mbali nalo.

"Baba mdogo, hapa kuna mstari."

"Najua, mwanangu. Naomba unisamehe. Nikiutoa, natoa na rangi ya baba yako."

"Nani kauweka?"

Mimi na Tranquilino tukaangalia mawingu.

"Mimi," akasema Librada. "Nilikuwa nakubariki. Ulikuwa msalaba, sasa umebaki mguu."

Marisela akautazama. Kisha akatoa kicheko kile cha babake, kinachoanzia puani. "Bibi, ulibariki boneti?"

"Na buti la nyuma pia," akasema Librada. "Lakini buti hajaliona bado."

"Ati nini?" akasema Fermín.

"Uache huo mstari, baba mdogo. Na wa buti uache. Wakiuliza nje ya kanisa, nitawaambia ni wa kwangu." Akarudi ndani akikimbia, ndala zikipiga vumbi, na Fermín akamfokea asikimbie karibu na gari.

Akapaka nta. Akalifunika kwa shuka kuukuu ya Abrán, kisha kazi ikaisha, na ndipo balaa lilipokuja: hakuwa na la kufanya. Akafunga waya wa mashine, akaufungua, akaufunga tena. Ile sifongo hakuitupa. Akaikunja kwenye leso, akaitia mfuko wa shati. Akatoa funguo, akaangalia upande wa kituo cha mafuta.

Librada alikuwa langoni kwake, aproni kaivua, kaibana kwapani kama ushahidi.

"Fermín. Umekula?"

"Sina njaa, Bi Librada."

"Sikukuuliza njaa."

"Lazima nilinde gari, upepo—"

"Tranquilino atalilinda. Tranquilino, weka mikono mfukoni na uikalishe humo humo." Akalisukuma lango kwa nyonga. Harufu ya posole ikatoka nje, mahindi na nyama ya nguruwe na pilipili nyekundu iliyochemka usiku kucha. "Mama yako alikula kwenye meza hii. Abrán alikula kwenye meza hii na mikono yake ina rangi mpaka kwenye viwiko, na sikusema kitu. Usinisimamie hapo kama nguzo. Orlinda, na wewe acha kujifanya huangalii, lete kiti chako, viti vyangu viko gerejini kwake."

Fermín akaziangalia funguo. Akazitia mfukoni, juu ya ile leso.

"Nawa mikono kwanza," akasema Librada, akimpisha mlangoni. "Ingia, mwanangu. Ingia ule."