Uzi Mlevi

Hebu niambie, wewe uliyeketi hapo: mshumaa unapowaka, kinachoungua ni uzi au ni nta? Usijibu haraka. Kulikuwa na mshonaji mmoja aliyewasha mishumaa maisha yake yote, na alipoulizwa swali hilo akajibu haraka. Utasikia yaliyompata.

Mshonaji huyo aliishi na mavyaa wake, mama mzazi wa mumewe. Mume kazi yake ilikuwa mbali, akirudi anarudi kama mgeni, anauliza vijiko vinakaa wapi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa kiwanda: cherehani dirishani, meza ya kukatia, pasi juu ya kigae, na chini vipande vya vitambaa ambavyo hata ukifagia asubuhi, mchana vimesharudi. Karibu na cherehani kulikuwa na kiti cha mikono chenye mto uliokwisha kushika umbo la mtu. Hicho kilikuwa kiti cha mavyaa.

Macho ya mavyaa yalikuwa yamekwenda. Hospitali walikwisha kusema hakuna la kufanya. Sura za watu zilimpotea zote. Kilichobaki ni mwanga na giza, na rangi kidogo, kama mtu anayetazama dunia kupitia chupa ya mafuta. Alikaa pale akisikiliza cherehani, vidole vyake vikipapasa pindo la nguo yake, kutwa nzima havitulii.

Sasa, mavyaa huyo alikuwa na neno lake.

"Mama, nikupikie nini leo?"

"Chochote tu, mwanangu."

"Dirisha nilifungue au nilifunge?"

"Vyovyote."

"Kiti nikisogeze huku au kule?"

"Kokote."

Mwanzoni Mshonaji alidhani huo ni upole. Miaka ilivyokwenda akaanza kuuona kama ukuta uliopakwa chokaa vizuri: safi, mweupe, lakini ukuta. Mtu asiyetaka kitu kwako, utamfanyia nini? Utamjuaje? Jirani yao, muuza asali ambaye watu walimwita Kengele kwa ajili ya sauti yake, alimpachika bibi huyo jina la Bi Chochote. Alilisema kwa kunong'ona tu, lakini mnong'ono wa Kengele ulifika mpaka barabarani.

"Nimelisikia," mavyaa akasema kutoka kitini. "Jina zuri. Lolote litanifaa."

Basi wiki moja shemeji yake Mshonaji, mdogo wa mumewe, akapiga simu. Nyumba yake mpya imekamilika, ina chumba cha mama, chini, bila ngazi. Jumamosi atakuja kumchukua. Lakini mama aamue mwenyewe, alisema, asije mtu akaambiwa kamburuta. Mama akaulizwa.

"Popote mtakaponiweka, wanangu."

Ikahesabiwa kwamba amekubali.

Mshonaji alitaka abaki. Alilijua hilo siku ileile, alipojikuta ameshona mkono wa shati kwenye shingo. Lakini angesemaje? Mtu akitaka kwenda kwa mwanawe wa kumzaa, wewe uliyekuja kwa ndoa utamfunga kamba? Akajiambia: nikimsikia akitaka, hata kama anataka kwenda, roho yangu itatulia. Neno moja tu nilisikie.

Akafikiria mshumaa. Kwa sababu umeme ulipokatika, na ulikatika mara nyingi, mavyaa aligeuza uso kuelekea moto na vidole vyake vikatulia. Hapo tu ndipo vilipotulia. Lakini mishumaa ya dukani ilikuwa ya kulia machozi, inainama, inakwisha kabla hujamaliza kuoga. Yeye atamtengenezea mmoja wa kwenda nao, utakaodumu.

"Wa rangi gani, Mama?"

"Yoyote tu."

"Nilijua," Mshonaji akasema, na akaenda kuangalia nyuzi.

Na hapo akafanya kosa ambalo mshonaji pekee ndiye angelifanya. Alichukua uzi wake bora. Ule wa kushonea suruali za kazi, unaong'aa, usiokatika hata ukiuvuta kwa meno. Akasuka utambi, akauning'iniza ndani ya kopo, akamimina parafini aliyonunua dukani, ile nta nyeupe ya mabonge, akiwa ameiyeyusha. Ilipoganda akawasha. Uzi ukajikunja kama mdudu aliyeguswa, ukayeyuka, ukazima, chumba kikanuka kitana kilichoungua.

Kengele alikuwa mlangoni na chupa zake za asali. "Shoga! Umemchinja nani humo ndani?"

"Ni uzi wangu mzuri kabisa huo."

"Basi ule mbaya utatuua!"

Akajaribu wa pamba, mwembamba. Ukawaka. Mshonaji akafurahi, akarudi kwenye cherehani.

"Unazama," akasema mavyaa.

"Nini, Mama?"

"Utambi. Sauti yake imekuwa ndogo."

Mshonaji akageuka. Moto ulikuwa umebaki kama punje ya mtama, umezungukwa na dimbwi la nta, na hapo hapo ukafa. Moto una sauti? Akachomoa nyuzi nene za dekio la kusafishia sakafu, jipya halijaguswa maji, akasuka utambi mnene kama kidole cha mtoto. Huo ukatoa ulimi mrefu na moshi mweusi uliochora dari.

"Huo una pupa," mavyaa akasema. "Unakula bila kutafuna."

Mshonaji na Kengele wakatazamana. Kwa miaka yote hiyo bibi huyu hakuwahi kusema kitu kibaya juu ya kitu chochote.

"Basi nitie upi, Mama?" Mshonaji akauliza, taratibu, kama mtu anayemsogelea ndege.

"Wowote..."

"Wowote hautawaka, Mama. Mimi nakuvumilia. Mshumaa hauvumilii."

Mavyaa akanyoosha mkono. "Lete nyuzi nizishike. Na kisahani chenye chai kidogo."

Akazishika moja moja, akizizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akachovya ncha zake kwenye chai na kuziinua. "Niambie chai imepanda mpaka wapi."

"Huu wa suruali, haijapanda kabisa. Imegoma. Huu wa pamba, imefika nusu. Huu mwingine wa pamba, uliosokotwa kwa kulegea..." Mshonaji akainama karibu zaidi. Rangi ya chai ilikuwa inapanda uzi yenyewe, bila kusukumwa na mtu, polepole kama alama ya maji kwenye ukuta. "Mama, imefika kwenye kidole chako."

"Naisikia. Ni huo." Mavyaa akatabasamu kidogo. "Nguo inataka uzi usiokunywa. Mshumaa unataka uzi mlevi."

"Mlevi!" Kengele akapasuka kwa kicheko. "Basi msukeni na mume wangu!"

"Naye ukimchovya huwaka?" mavyaa akauliza.

"Huwaka, Mama! Mtaa mzima unaona!"

Wakacheka mpaka Kengele akaweka chupa zake chini. Na katika kicheko kile mavyaa akasema kwamba alipokuwa msichana, kazi yake nyumbani kwao ilikuwa taa, kukata tambi na kujaza mafuta, ndiyo maana. Mshonaji alikuwa hajawahi kulisikia hilo. Mtu umeishi naye, unajua anavyokohoa, hujui alikuwa msichana wa taa.

"Nikuulize," mavyaa akasema. "Mshumaa ukiwaka, kinachoungua ni nini?"

"Uzi, bila shaka."

"Uwashe peke yake."

Mshonaji akauwasha uzi mtupu. Kufumba na kufumbua ukawa majivu kwenye vidole vyake, akaruka, akavipuliza.

"Na ule ulio ndani ya nta mbona haukwishi? Nta inayeyuka, uzi unainywa, inapanda mpaka juu, inageuka mvuke, na huo mvuke ndio unaoungua. Uzi umesimama katikati ya moto, na kinachouokoa ni kile unachokunywa."

Mshonaji akawasha tena kipande cha majaribio, akainama mpaka nyusi zikapata joto. Ilikuwa kweli. Katikati ya moto uzi ulisimama, mweusi, mzima, na chini yake sehemu isiyo na mwanga, ya buluu, kama mboni ya jicho. Mishumaa yote ile aliyowasha, alikuwa hajautazama hata mmoja. Pasi ikaunguza kitambaa, hakusikia harufu.

Rangi nazo zikamsumbua. Ya kupambia keki, aliyoitia kwa matone, ilishuka mpaka chini ya kopo ikakaa pale kama shanga, haikutaka kuchanganyika. Ni rangi ya maji, na maji na nta ni mawifi wasiosemezana. Akayeyusha kalamu za rangi za watoto, zile za nta. Kopo likawa jekundu la kupendeza, lakini moto ukakohoa na kuzima, maana ile rangi ilikuwa ni ungaunga tu, ikaziba uzi. "Umeulisha mchanga," mavyaa akasema. Akatia manjano ya jikoni, akayachemsha ndani ya nta, akachuja kwa kitambaa cha bitana, na hayo yakakubali, yakatoa rangi safi.

"Niyatie kiasi gani?" akauliza. Mavyaa akafungua mdomo, Mshonaji akasubiri, mdomo ukafungwa tena.

Kengele ndiye aliyeleta nta ya nyuki. Bonge la kahawia, limebaki alipokamua masega, lina mabawa ya nyuki na takataka. "Bure," akasema. "Ya Bi Chochote." Safari hii hakunong'ona.

Wakaiyeyusha na maji, wakaiacha igande, wakakwangua uchafu uliokaa chini. Kisha wakaiyeyusha tena kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, maana nta haiwekwi juu ya moto wenyewe, hulipuka kwa hasira. Wakaichuja. Chumba kikajaa harufu ya asali, hata nguo za wateja zikanukia. Na kwa kuwa nta ya nyuki ni ngumu kuyeyuka kuliko parafini, uzi mlevi ukaongezwa nyuzi, mavyaa akiusuka mwenyewe kwenye goti lake.

"Manjano haya hapa, Mama. Nitie?"

Mavyaa akainamisha uso juu ya mvuke.

"Usitie. Inayo yake."

Hilo nalo lilikuwa neno. Bado halikuwa neno lile. Mshonaji akafunga utambi kwenye sindano ya kufumia iliyolala mdomoni mwa kopo, akamimina. Ilipoanza kupoa ikabonyea katikati, akaijazia. Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi.

Asubuhi akachovya kopo kwenye maji ya moto, mshumaa ukateleza ukatoka, mzito kama mkate. Begi la mavyaa lilikuwa mlangoni, limefungwa. Mshonaji akashusha mapazia, akaziba na mwanya wa chini ya mlango kwa kitambaa, akauweka mshumaa mezani mbele ya kile kiti, akawasha.

Kwanza ulikuwa moto mdogo tu. Kisha nta ya juu ikalainika na mwanga ukashuka ndani yake. Nakwambia ukashuka, kama mtu anayeingia nyumbani kwake na taa mkononi, chumba kwa chumba. Mshumaa mzima ukang'aa kutoka ndani. Haukulia hata chozi moja. Haukutoa sauti. Kengele, aliyekuja kuaga, alisimama na mkono kifuani, na siku hiyo ndiyo pekee ambayo mtaa haukumsikia.

Upepo kidogo ukapita pazia. Mshonaji akaukinga moto kwa kiganja.

"Mkono wa nani huo?" mavyaa akauliza.

"Wangu, Mama."

"Nauona."

"Mwekundu pembeni, katikati mweusi. Vidole vyako ni vyembamba. Nilidhani ni vinene, kwa unavyogonga sufuria." Akasogeza uso. "Na hiki kidogo kimepinda."

Kilikuwa kimepinda tangu utotoni. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mshonaji akabaki ameukinga moto ule, hakuthubutu kuutikisa mkono, na mavyaa akautazama, akautazama, vidole vyake mwenyewe vimetulia mapajani.

Nje gari likapiga honi. Shemeji akaingia na jua mgongoni, akasimama, akakuta wanawake watatu gizani mchana kweupe.

"Shemeji, habari za hapa? Mama, shikamoo. Begi ni hili moja?" Akalinyanyua. "Nimepanga vizuri, Mama. Utakaa mbele au nyuma?"

Wote walilijua jibu. Hata Kengele alilitengeneza kwa midomo: kokote.

"Nataka..." akasema mavyaa.

Neno lilitoka limekwaruza, kama kitasa cha mlango usiofunguliwa siku nyingi. Shemeji akaweka begi chini.

"Nataka kukaa hapa. Kwenye kiti hiki. Cherehani ikiwa pale, na huyu akiwa pale."

"Sasa Mama, mbona nilipokuuliza hukusema?"

"Mwanangu, nilidhani mzee asiyetaka kitu hachoshi watu. Hafukuzwi."

Mshonaji akafunika uso kwa ule mkono wenye kidole kilichopinda. "Mama," akasema ndani ya kiganja, "na mimi nilikuwa nataka ubaki. Nilikuwa nangoja useme wewe."

"Basi tumengojeana." Mavyaa akageuza uso kuelekea moto, kisha kuelekea sauti ya mkwewe, kama mtu aliyeonja kitu na kukipenda. "Na dirisha nataka lifunguliwe asubuhi. Na mto huu nataka uushone upya, umenibana tangu zamani."

"Nitaushona, Mama. Leo leo."

"Na chai," mavyaa akasema. "Nataka isiwe na sukari nyingi namna ile. Tangu nimekuja, mwanangu, unaninywesha asali ya Kengele tupu."