Kuku wa Jiko

Kunjeni miguu mkae karibu na mlango, maana kisa hiki kina moshi.

Bibi Saveta wa Runcu alikuwa na kitendawili alichowategea watoto wa kijiji kila walipopita uani kwake: mama kajikalia, binti kavaa nyekundu, mwana kapanda juu harudi. Hata mtoto wa kunyonya angejibu: jiko, moto na moshi. Lakini mwaka ule, majani ya miplamu yalipoanza kupukutika, kitendawili kiliharibika. Mama alikaa, binti alivaa nyekundu, ila mwana aligoma kupanda. Alitokea mdomoni mwa jiko, akajitandaza chumbani kama mkwe asiye na kazi.

Jiko lenyewe lilishika kona nzima, kutoka sakafuni mpaka karibu na dari. Ndani matofali, nje vigae vya kijani, ubavuni benchi la udongo la kukalia wakati wa theluji. Kila Jumamosi Saveta alivipangusa vigae vyote mia moja na ishirini kwa siki. Kimoja tu kilimshinda, kile cha juu ya benchi, pale marehemu mumewe Toader alipozoea kuegemeza kichwa. Kila wiki doa jeusi. Miaka zaidi ya thelathini waligombana kwa ajili ya kichwa kile. Toader alifariki, mwaka wa tisa sasa, na doa likaendelea kurudi. Saveta hakushangaa hata kidogo.

"Hata huko aliko hanawi kichwa," alisema, akamimina siki.

Basi jiko likaanza kutapika moshi. Akiwasha alfajiri, ikifika saa nne macho yamekuwa mekundu kama ya mfiwa. Paka akahamia nyumba ya pili. Ndipo Domnica, binti yake wa pekee, akapiga simu kutoka Suceava mjini.

"Mama, unakohoa."

"Sikohoi, nacheka."

"Unamcheka nani?"

"Wewe."

"Sikiliza, mama. Nakuja sikukuu ya Mtakatifu Dumitru, mwishoni mwa Oktoba. Nikikuta moshi humo ndani, nakuchukua. Chumba kipo, ghorofa ya tisa, na dirisha lako mwenyewe."

"Na kuku wangu?"

"Kuku hawapandi lifti, mama."

Saveta alikwishalala ghorofa ile Pasaka moja. Joto lilitoka ukutani na hukujua linakula nini. Majirani walipishana kama mbuzi wa wenye nyumba tofauti. Asubuhi hukuwa na jivu la kuzoa wala kuni za kupasua, ila kutazama watu kule chini, wadogo kama mchwa. Anayeamka bila jivu la kuzoa, alijisemea, huyo ni maiti anayengoja sanduku. Akahesabu siku kwa vidole: kumi na mbili, na vidole vikapungua.

Domnica alitanguliza fundi wa mjini, mwenye suruali ya mifuko minane na kila mfuko unalia ngiringiri. Fundi akalizunguka jiko, akaligonga kama daktari anavyogonga kifua cha mlevi.

"Bibi, hili tulivunje. Nakuwekea la chuma, linakula vidonge vya mbao iliyosagwa. Linajiwasha lenyewe."

"Linajiwasha? Na mimi nifanye nini?"

"Upumzike."

"Nitapumzika makaburini, nafasi nimeshawekewa kando ya mume wangu, ingawa alikoroma. Umeme ukikatika je?"

"Hapo... hapo linazima."

"Huku umeme hukatika kila theluji ikianguka. Kwa hiyo jiko lako linafaa sana mwezi wa Julai."

Fundi akacheka asitake. Akaingiza kichwa kwenye mdomo wa jiko, akatoka na pua nyeusi.

"Nikuambie kweli, bibi. Halina ugonjwa ila limezibwa na masizi. Haya ya zamani huwa na tofali moja lisilotiwa udongo, nyuma ya kigae. Unalichomoa, unapitisha brashi, jiko linapumua. Nikibahatisha nitakuvunjia vigae vyote. Aliyejenga hakukuonyesha?"

Saveta akanyamaza. Na Saveta kunyamaza ni sawa na kuku kuota meno.

Maana desturi ya Runcu anaijua hata mbwa. Fundi akimaliza jiko hupikiwa kuku mzima, kuku wa jiko. Akishakula, mfupa ungali mdomoni, humshika mwenye nyumba mkono na kumwonyesha: tofali ni hapa. Hakuna kuku, hakuna tofali. Na Fundi Pamfil, aliyelijenga jiko lile miaka arobaini na mitatu nyuma, siku ya mwisho alipewa bakuli la maharagwe. Alilamba kijiko, akafuta masharubu, akasema, "Asanteni, yalikuwa na chumvi," akaenda zake.

Mkosaji alijulikana kijiji kizima: mamamkwe wa Saveta, Varvara, aliyesemekana kuhesabu viazi kabla ya kulala. Walimwita Varvara Maharagwe mpaka anaingia kaburini. Na aliyewaambia watu kwamba Varvara ndiye, alikuwa Saveta.

Kesho yake Saveta akachukua chupa ya gongo ya plamu, akaenda kwa Pamfil nyuma ya kanisa. Alimkuta uani akipukuchua mahindi, magoti yamemwisha ila ulimi mzima.

"Mungu akupe nguvu, shemeji Pamfil."

"Alinipa, nikazimaliza. Umekuja kwa ajili ya jiko."

"Nimekuja kukujulia hali."

"Una masizi puani, Saveta."

Akajifuta. "Haya, nimekuja kwa jiko. Domnica atanipeleka mjini nikafie hewani kama popo. Nionyeshe tofali."

"Niliapa. Nitalionyesha siku Varvara atakaponiomba radhi kwa mdomo wake."

"Varvara amelala chini ya udongo miaka thelathini na mmoja!"

"Basi amepata nafasi ya kufikiri."

"Nakuomba radhi kwa niaba yake."

"Radhi haitumwi mtu, shemeji. Kila Jumapili napita kaburini kwake na kofia kichwani. Mvua, theluji, kofia kichwani. Siivui leo." Lakini chupa aliipokea.

Saveta akarudi kajaa hasira, na hasira si fundi. Alichukua kijiko cha mbao akagonga vigae kimoja kimoja, sikio limebandikwa, akijifanya anasikia tofauti. Alichokonoa kimoja kwa kisu, kikapasuka vipande vitatu mkononi. Nyuma yake palikuwa na tofali lililotiwa udongo vizuri kabisa, limetulia kama mtu aliyeshiba. Akakaa sakafuni na vile vipande mapajani. Vigae hivyo Varvara alivinunua kwa kuuza ndama wake. Mchoyo gani huuza ndama ili mkazamwana asione baridi?

Usingizi ukamkataa siku nne. Siku mbili kabla ya Mtakatifu Dumitru, akarudi nyuma ya kanisa, safari hii mikono mitupu.

"Kitendawili," akasema kabla ya salamu.

"Tega," akajibu Pamfil. Mwanamume wa Runcu ataweza kukataa chakula, kitendawili hakatai.

"Wawili walipanda darini kwenye majani makavu, wana kuku. Walishuka, kuku hayuko. Wa tatu akazikwa na kosa, na mchuzi hakuuonja."

Pamfil akakuna shingo. "Mbweha?"

"Mbweha hashuki na majani kwenye shumizi."

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Suceava. Chukua wote, na maghorofa yake."

"Huo ndio mji nisioutaka, shemeji!" Akaketi juu ya rundo la mahindi bila kukaribishwa. "Ni mimi na Toader. Tulikuwa na wiki tatu za ndoa. Varvara alimchinja kuku mwenyewe, akampika mwenyewe, vitunguu saumu vinanukia mpaka barabarani. Akaniambia, mpelekee fundi. Nikampitisha kuku darini mwa ghala. Toader akanikonyeza."

Pamfil aliweka gunzi chini.

"Mapaja pia?"

"Mapaja pia."

"Na firigisi?"

"Firigisi alikula Toader."

"Na maharagwe yangu?"

"Yalikuwa ya nguruwe. Nikakuambia ndivyo mama alivyopanga. Mama nikamwambia umeshiba, unashukuru."

Masharubu ya mzee yakacheza. Saveta alidhani atapigwa kwa gunzi. Kisha Pamfil akainuka, magoti yakalia kama kuni mbichi.

"Twende."

"Kwenye jiko?"

"Kuna mahali kwanza."

Walifika kwenye kaburi la Varvara. Pamfil akavua kofia, na upara wake uliokuwa haujaona jua ukang'aa kama yai lililomenywa.

"Mama Varvara," akasema, "nimekukosea kila Jumapili. Mwizi huyu hapa, nimekuletea. Mtazame."

Saveta akapiga magoti kwenye nyasi zenye umande. Alitafuta maneno ya kanisani, hayakuja. "Mama, nisamehe," akasema. "Alikuwa mtamu."

Kuku aliyechinjwa siku ile aliitwa Jirani, kwa kuwa alikuwa mwizi na mwenye kelele. Saveta alimpika kwa vitunguu saumu, akasonga ugali, akaweka mtindi mzito, akasimama kando kama mtuhumiwa. Pamfil alianza adhuhuri. Alikula shingo. Alikula mapaja, moja akalitazama kwanza. Firigisi aliibakiza mwisho, akaitafuna macho yamefumbwa. Kisha, mfupa wa bawa mdomoni, akamshika Saveta mkono, akamwongoza mpaka mbele ya jiko.

Akasimama. Mfupa nao ukasimama.

"Ni hatua mbili kutoka kabatini," akasema.

"Kabati lipi?"

"La Varvara."

"Tuliliuza mwaka ule wa mapinduzi!"

"Lilikuwa... upande wa dirisha?"

"Dirisha tumelihamisha. Pamfil! Umebeba kinyongo miaka arobaini na mitatu, siri yenyewe umeidondosha?"

"Kinyongo ni kizito, shemeji, na mikono nina miwili tu."

Saveta hakujua acheke au amdai kuku wake. Pamfil, kwa aibu na shibe, akajiangusha kwenye benchi na kutaka kuegemea.

"Usiegemee hapo!" Saveta akapiga kelele. "Anapachafua Toader panatosha."

"Toader si amekufa?"

"Hebu mweleze yeye. Kila Jumamosi nafuta, kila Ijumaa doa limerudi."

Pamfil akautoa mfupa mdomoni. Akageuka taratibu, akapitisha kidole ukingoni mwa kigae, akakinusa.

"Shemeji, kichwa cha mtu huacha mafuta. Haya ni masizi." Akatoa kisu, akapenyeza ncha kwenye ufa, akabembeleza. Kigae kikatoka kizima kama kifuniko cha chungu. Nyuma yake palikuwa na tofali lililokaa wazi, halina udongo hata chembe, na moshi wa miaka mingi umelichora pembeni. "Jiko lilikuwa linakuonyesha kila wiki. Nawe kila wiki unalifuta mdomo."

Saveta alishika kiuno. Zaidi ya miaka thelathini! Alimnyima Toader mto mweupe kwa ajili ya kichwa kile. Alimwosha kwa majivu na siki usiku wa kuamkia harusi ya Domnica. Na maskini hakujitetea, alisema tu, "Labda ni kweli, mama watoto."

"Itabidi nirudi makaburini," akasema.

"Kesho. Leo lete ndoo."

Walitoa ndoo nne. Pamfil alifunga tawi la msonobari kwenye kamba, akalipitisha juu, chini, kushoto, jiko likakohoa masizi laini kama unga wa shetani, wote wawili wakawa weusi wakabaki meno. Kisha akakanda udongo na mchanga na mavi ya farasi, akaziba nyufa, na tofali akalirudisha kwa udongo mwepesi wa kubomoka kwa kidole. Kigae kilichovunjika akakiunga, makovu yote nje.

"Kila mwaka kabla ya Dumitru, unalifungua," akasema. "Moto wa kwanza ni wa majani na vijiti tu. Mgonjwa hapewi nyama siku ya kwanza. Na kilango cha juu cha njia ya moshi usikifunge mpaka mwali wa buluu ufe wote, usije ukalala ukaamkia kwa Varvara."

"Hapana, jamani, bado ana hasira."

Siku ya Mtakatifu Dumitru Domnica akashuka kwenye basi na masanduku mawili matupu. Alifungua mlango na leso tayari puani. Akasimama. Akavua koti. Akavua sweta. Akaishia kufungua dirisha. Mwana alikuwa juu ya paa, kanyooka kuelekea mawinguni, harudi.

"Mama, yule aliyezimia kwenye benchi ni nani?"

"Si kuzimia, amelala. Ni fundi. Amekuja asubuhi kuangalia mgonjwa wake na kumaliza mchuzi."

"Na Jirani mbona simwoni uani?"

"Yumo ndani ya fundi."

Domnica akaketi, akayatazama masanduku yake. Yalirudi Suceava yamejaa kabichi ya chumvi na jamu ya plamu, naye akilalamika njia nzima kwamba ni mazito.

Pamfil alipoamka na kwenda zake, Saveta alichukua kitambaa na siki, maana ilikuwa Jumamosi. Juu ya benchi, kwenye kigae kile kile, palikuwa na doa. Akalipitishia kidole, akanusa. Mafuta ya kuku, vitunguu saumu kidogo, na upara wa mzee.

"Ehee," akasema, akimimina siki. "Hiki sasa ndicho kichwa."