Ngazi ya Mzee Nikodemu

Mtu mzima haendi bwawani kucheza, wewe! Huyu ana presha, yule kitambi. Bi Khulud, mwenye duka la vitenge Bunju, alikuwa na magoti. Mwaka wa pili huo anaswalia kwenye kiti, na kila akiwaona wenzake wanasujudu roho inamuuma. Daktari akamwambia atembee ndani ya maji. Ndiyo maana kila siku alikuja bwawa la hoteli, kajifunika mpaka kichwani, akitembea kwenye kina kifupi huku analeta nyiradi, anamtaja Mungu.

Shida ni Mzee Nikodemu, mstaafu wa bandari. Presha ya mtu mmoja, majivuno ya watu kumi! Akiogelea kwenda na kurudi mara mbili, basi, anakaa kwenye ngazi pana yenye chuma cha kushikia, ngazi pekee aliyoiweza Bi Khulud. Anatandika na taulo, utadhani kainunua. Akiombwa njia, anafyonya ndipo asogee.

Siku hiyo hakusogea kabisa.

"Naomba nipite, mzee. Adhuhuri hiyo inaadhiniwa."

"Bibi, hapa watu tunaogelea. Wewe unafua nguo na mwenyewe umo ndani. Kapande ile ya chuma kule."

Ile ya chuma imesimama wima, na mzee anajua fika kwamba Bi Khulud haiwezi. Mhudumu wa bwawa akajitia kukunja mataulo.

"Kaa, mwanaharamu mkubwa we!" Bi Khulud akamfokea. Akaenda ukingoni, akaweka viganja kwenye vigae, akajisukuma. Tumbo likapanda. Akavuta mguu mmoja, anatukana. Akavuta wa pili.

Akajikuta kapiga magoti. Yote mawili, kwenye vigae vikavu! Akasubiri yale maumivu ya kumtoa machozi. Yakaja kidogo tu, yakapita. Akageukia kibla, akashusha paji la uso mpaka chini kumshukuru Mola wake, na kilio kikamtoka.

Nikodemu kuona mwanamke kalala kifudifudi, analia, akajua kamuua. Aliruka kutoka kwenye ngazi, taulo likaanguka majini.

"Bibi! Bi Khulud! Nisamehe mama, njoo upite, nimeshatoka!"

Bi Khulud akainuka taratibu, akapangusa macho.

"Rudi ukakae," akamwambia. "Mie siihitaji tena."