Mboni ya Kulia

Kitu cha kwanza Yunisi alichokiona ni mboni ya jicho la kulia. Ilikuwa kubwa kuliko ya kushoto. Alimfunika mumewe macho kwa kiganja, kisha akakiondoa. Ya kushoto ikasinyaa kwa mwanga. Ya kulia ikabaki vilevile, nyeusi, pana.

Kefa alikuwa amelala kwenye benchi la mapokezi ya hospitali tangu saa saba mchana. Asubuhi alikuwa juu ya lori kijijini Ulemo, akipanga magunia ya vitunguu, dereva akaondoa gari bila kupiga honi. Aliangukia kisogo. Nyumbani, wakati mkokoteni wa ng'ombe wa kumpeleka hospitali unatafutwa, mama mkwe wa Yunisi, Dina, alitoa chupa chini ya kitanda.

"Mwoshe na hii. Dawa ya kidonda hatuna."

Yunisi alimmwagia gongo kichwani mpaka shati likalowa.

Daktari Simeoni alifika saa kumi. Aliinama, akanusa, akainuka.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Huyu kaanza kunywa saa ngapi?"

Yunisi alitazama ndala zake. Kwenye meza ya pembeni, askari aliyekuwa akijaza fomu ya polisi aliinua kichwa.

"Gongo hiyo, tena kali," alisema. "Inapikwa wapi, shemeji? Nipeleke na mimi nikaonje."

Watu wa kwenye foleni wakacheka.

Mwaka juzi polisi walimchukua jirani yao, Klara, pamoja na pipa lake la gongo, na mpaka leo hajarudi. Dina naye alipika, na ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba. Watoto wawili wa Yunisi walikuwa kwake saa hiyo.

"Jicho lake," alisema Yunisi.

"Limefanyaje?"

"Moja ni kubwa."

"Umesomea udaktari, mama?"

"Niliishia la nne."

Wakacheka tena. Daktari aliandika kwenye kadi.

"Mwacheni pombe imtoke. Gari la wagonjwa ni moja, siwezi kulituma Dodoma kwa ajili ya mlevi."

Akaondoka. Kwenye dirisha la dawa palikuwa na karatasi: DAWA HAKUNA. Kutoka pale benchini Yunisi aliona, ng'ambo ya geti, duka jipya la mke wa daktari. Chupa za spiriti ya kuoshea vidonda zilikuwa zimepangwa mstari mzima, zimefutwa vumbi.

Asubuhi iliyofuata Kefa alitapika. Alikuwa akikoroma huku macho yamefunguka nusu, na mkono wa kushoto ulianguka kila Yunisi alipouinua. Muuguzi wa zamu, Rukaiya, alimmulika tochi machoni, akaizima, akaenda mbio kumwita daktari. Safari hii daktari hakunusa. Aliandika barua ya rufaa akiwa amesimama.

Gari halikuwepo. Lilikuwa limekwenda Singida mjini kuchukua mzigo. Lilirudi saa sita, likapita geti la hospitali, likasimama dukani kwanza. Yunisi alitazama maboksi yakishushwa, moja baada ya jingine. Yalipokwisha, wakampakia Kefa.

Bahasha ya rufaa alipewa Yunisi aishike. Haikuwa imegundishwa. Njiani aliifungua, akasoma polepole, silabi kwa silabi. *Mlevi. Alianguka akiwa amelewa.* Chini palikuwa na mhuri. Alielewa kwamba Dodoma nako wataanzia hapo.

Kabla ya Manyoni mkoromo ulikoma. Yunisi alidhani ni nafuu. Alimfunika macho kwa kiganja kama jana, akakiondoa. Jua lilikuwa likiingia moja kwa moja dirishani. Mboni zilikuwa sawa sasa, zote mbili pana, na hakuna iliyosinyaa. Kifua hakikupanda tena.

"Vipi huko nyuma?" Rukaiya, aliyetumwa kuwasindikiza, aliuliza kutoka kiti cha mbele, bila kugeuka. "Mlevi wetu kalala?"

Gari lilikuwa likirukaruka kwenye mashimo. Yunisi aliikunja barua, akaifungua tena.

"Hajawahi kunywa," alisema. "Gongo nilimwosha nayo mimi. Spiriti hatukuwa nayo."