Matope Yaliyomrudishia Don Evaristo Kromu Yake

Kila Jumatatu, kabla hajagusa tortila yake, chapati ya mahindi, Chole huwamwagia vijidudu wa bwawa ndoo ya molasi. Hawaonekani kwa macho. Wanaishi kwenye matope ya kahawia yanayopuliziwa hewa nyuma ya kiwanda cha ngozi, hapa León, na kazi yao ni kula sumu kabla maji machafu hayajafika mtoni. Mbegu ya matope alipewa na Hermila wa kiwanda cha jirani, na kwa watunza mabwawa hilo huwafanya wawili makomadre, kama walioshikiana mtoto ubatizoni.

Kila Jumapili, watu wakiwa misani, Don Evaristo mwenye kiwanda alifungua koki ya mapipa. Kromu ya kutengenezea ngozi ilishuka bwawani kwa mkupuo, vijidudu wakafa karibu wote, maji yakaenda mtoni na sumu yake, na Jumatatu Chole akawafufua waliobaki kwa molasi. Mto unapita karibu na kisima cha Hermila. Mumewe, Nabor, alizikwa mwezi wa nane, tumbo limemwozea.

"Don Evaristo ulimwambia lakini?" Hermila aliuliza palepale msibani.

"Mpaka mate yamenikauka! Ananijibu, 'Chole, wadudu wako wanakula bure, leo wanataka na mapumziko?'"

"Basi achana naye. Waambie wadudu wenyewe, komadre."

Chole aliinama ukingoni akawaeleza yote ya Nabor, bila kuficha. Akawaelekeza na nyumba ya Don Evaristo: geti jeupe, mkabala na kanisa.

Jumapili iliyofuata matope yalikufa kama kawaida. Jumatatu yalitoka bwawani, yakasubiri magari yapite, yakavuka. Mfanyakazi wa ndani aliyaambia yazungukie mlango wa nyuma, sebule ameshapiga deki. Yakajaa kwenye bafu la Don Evaristo, naye akaoga.

Kufikia Ijumaa alikuwa hana unywele, na mwili wote wa buluu, kama ngozi ya ng'ombe itokayo kwenye pipa la kromu. Mafundi viatu walikuja kumpapasa mashavu.

"Daraja la kwanza," alisema mmoja. "Haina hata alama ya kupe."

Makomadre nao walienda kumjulia hali, wamebeba mikate mitamu, maana kwa mgonjwa huendi mikono mitupu.

"Inauma, Don Evaristo?" Hermila aliuliza, kwa matumaini.

"Inabana tu. Hasa nikicheka."

"Cheka kidogo tuone."

Daktari, aliyekuwa anafunga mkoba wake, alisema hakuna cha kutibu. Kromu imekolea hadi ndani: ini, mapafu, moyo. Vitu vilivyotengenezwa hivyo haviguswi na uozo. Akijikinga na jua, atawazika wajukuu zake.

Makomadre walitembea mpaka kona.

"Nilitaka aoze," alisema Hermila. "Aoze kama Nabor."

"Najua, komadre."

"Sasa tumemtengeneza."

Jumapili, kengele ya misa ilipolia, Don Evaristo alishuka kiwandani akafungua koki ileile. Siku hizi havai hata glavu.