Video za Arobaini

Arobaini ya Vukašin ilipofika, mjane wake alitaka jambo moja tu: amwone kwenye televisheni. Video zote zilikuwa ndani ya kompyuta kuukuu ya marehemu, na programu ya kuzirusha ilikataa kuingia, ikidai kwamba toleo lile la Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, limepitwa na wakati.

"Kaidi kama mwenyewe," Radoš, mwana wa marehemu, alimwambia dada yake Jagoda. "Usije ukaizika nayo pia."

Jagoda akaidanganya programu, akaandika jina la toleo jipya mahali pa lile la zamani. Ikakubali.

Wakatazama harusi, ubatizo, mavuno ya zabibu. Baba hakuonekana popote. Siku zote kamera aliishika yeye.

Mama akasogeza kiti.

"Ongeza sauti, mwanangu. Nimemsikia akikohoa."