Taa Alizoziona Severin

Hakuna aliyemtuma Severin kuinua macho. Alikuwa ametoka kufunga mbuzi, giza linaingia, akaona angani, juu ya mlima, taa zimejipanga mstari mmoja, zinakwenda kimya kimya kama siafu, kisha zikazimika moja baada ya nyingine. Mtu mwenye akili zake angenyamaza. Yeye, kwa kiherehere chake, akakimbilia jikoni: "Mama Ester, njoo uone!" Mkewe, Prisca, akatoka. Mbingu tupu.

Prisca hakuangalia juu mara ya pili. Alimsogelea mumewe, akamnusa mdomo.

Balaa likaanzia hapo. Severin alikuwa ameacha pombe tangu masika, tena kwa kiapo: akionja tena, afungashe virago. Na kwa Waluguru wa Kinole huo si utani. Shamba, migomba, mikarafuu, hata kiwanja cha nyumba, vyote vilikuwa vya ukoo wa Prisca. Mwanamume akiachwa anashuka mlima na panga lake na nguo alizovaa. Lakini Severin, masikini, wala hakuwa na habari na migomba. Alimpenda yule mwanamke kupita maelezo, na kuona haaminiki kwake kulimkata maini.

Jumapili baada ya misa akaja Mjomba Mikaeli, mkubwa wa ukoo wa Prisca, kuamua. Akaitikia shikamoo zote, akala kuku kwanza, maana kesi haisikilizwi na njaa, kisha akasema kwa upole:

"Mkwe wangu, sitaki kuvunja nyumba. Uliona ndege ya jeshi, ya kule Ngerengere. Sema hivyo, yaishe."

"Ndege ina mlio, mjomba. Zile zilikuwa kimya."

"Basi watu walikuwa wanachoma mashamba huko juu."

"Moto hautembei angani, mjomba."

"Ala! Basi vile vidude vinavyoruka vya kunyunyizia dawa mpunga wa Dakawa, vimepotea njia! Au setilaiti, siku hizi zinarushwa kwa mkupuo. Chagua moja, baba, nirudi kwangu!"

Severin akaona mlango umeachwa wazi. Neno moja tu, na kesi imekwisha. Ulimi ulimwasha hasa. Akamtazama Prisca, aliyekaa mkekani amejiinamia, akashindwa kumdanganya.

"Huenda ni hizo setilaiti, mjomba. Lakini siwezi kuapa. Niliziona kwa macho yangu, na sijui ni nini."

Mjomba akashika kichwa. "Haya! Umejimaliza mwenyewe."

Ndipo Prisca alipoanza kucheka. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Mjomba, niachie mume wangu. Huyu hakunywa."

"Umejuaje wewe?"

"Mimi ndiye niliyeishi naye. Huyu akilewa, hana asichokijua! Anajua mvua itanyesha lini, anajua mawaziri wanawaza nini, anajua hata dhambi za padri. Mdomo wake ukiwa na pombe, 'sijui' haijawahi kutoka humo hata siku moja."

Akainuka, akamshika mkono palepale mbele ya mjomba wake, bila kuona haya.

"Nisamehe, baba Ester. Nimekukosea."

Severin akataka kujibu kiume. Machozi yakamtangulia.